Nyapara Aliyetazama Njia

Ukiingia naye hotelini, kiti cha kutazama mlango kilikuwa chake. Hata kama wewe umefika kwanza, hata kama chai yako ishamiminwa, angesimama kando yako na kofia mkononi aseme, "Kijana, inuka," na ungeinuka. Sisi watu wa Lindi, ile ya Kibera, tulikuwa tunamcheka sana. Siku moja rafiki yangu Ouma, aliyemwita mzee kwa Kijaluo chake, alimuuliza, "Jaduong', kwani unaogopa nani hivyo?" Akajibu huku akipuliza chai, "Siogopi mtu. Anayekuja kuniua nataka tu anikute namwangalia." Hoteli nzima ikaangua kicheko.

Alitoka Kitui, aliishi Kawangware, na alikuwa nyapara wetu wa kufyeka nyasi kwenye kiwanja cha ndege. Jina lake nalijua. Sitaliandika hapa, maana wale watu wa tai, wachunguzi, waliliandika vya kutosha, na hapo ndipo lilipoharibikia.

Kiwanja chenyewe si kile kikubwa unachokijua. Kilikuwa nje ya mji, mbugani, lami moja nyembamba na shule ya kufundisha urubani. Mwenye shule tulimwita Bwana Kofia, kwa sababu ya kofia zake za ukili, kila siku nyingine. Lori lilichukua watu Kawangware kwanza, halafu likazunguka Kibera kutuchukua sisi. Tukipanda, Nyapara hakuwa mtu wa niaje wala sasa. Alisema neno moja tu, "Mko wote?" Ukijibu tuko wote, basi umeamkiwa. Kama kuna mtu hayuko, lori halitoki mpaka ijulikane yuko wapi, na kama ni mgonjwa, ni nani anamwangalia. Dereva alikuwa anapiga honi kwa hasira. Nyapara hakujali honi.

Mimi shule niliiachia darasa la nne, kwa hivyo kazi yetu nitaieleza vile nilivyoifanya kwa mikono.

Ndege inaanzia mwisho mmoja wa lami, inakimbia, inapaa. Itaanzia mwisho upi, hiyo inaamuliwa na upepo, maana ndege inataka kupaa ikiukabili. Kulikuwa na mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti, rangi ya chungwa, unaojaa upepo na kuonyesha unavuma kutoka wapi. Nyapara aliutazama ule mfuko kuliko alivyotutazama sisi. Sisi tulikuwa kwenye nyasi za kando ya lami, na sheria yake ilikuwa hivi: unafyeka ukiwa umeelekeza uso kule ndege zinakotokea. Ikija, unaiona. Ukifika mwisho wa laini, hugeuki kufyeka ukirudi. Unaweka slasha, chuma chako cha kufyekea, begani, unapita kando ya ua, unarudi mwanzo bila kukata hata jani, unaanza tena. Upepo ukigeuka saa yoyote, sisi pia tunageuka. Tunahama sote tukaanzie upande wa pili, hata kama zimebaki nyasi za kushibisha mbuzi mmoja.

Ule mwendo wa kurudi bure tuliuita kutembeza slasha. Nusu ya siku ilikuwa ni kutembeza slasha. Na Bwana Kofia naye alikuwa na sheria yake: kipande ambacho hakikuisha siku hiyo, hakikufanywa. Unarudi nyumbani bila hela, kama mtu aliyeshinda amelala. Sasa hebu jiweke katikati ya hao wazee wawili na sheria zao.

Tulilalamika kila siku. "Nyapara, hizi ndege ni za watoto wa shule, zinaenda zikipaa kama kuku." "Nyapara, wenzetu wa kule shamba la maua wanafyeka wakienda na wakirudi." Alikuwa anajibu na jibu lilelile, "Huko maua hayana injini." Ukiendelea anakutukana. Matusi yake yalikuwa ya Kikamba, marefu, na aliyatafsiri mwenyewe ili yasipotee.

Huyo ndiye mtu mkali tuliyekuwa naye. Lakini usifikiri alikuwa mtu wa sheria kwa kila kitu. Kwenye drafti alikuwa mwizi. Saa ya chakula tulichora ubao kwenye katoni, tukacheza na vifuniko vya soda, na ukigeuza macho kidogo tu kumwangalia mwenye uji, kifuniko chako kimetoweka. Unapiga kelele, "Nyapara, nilikuwa na kingi hapa!" Anakutazama kwa huruma kabisa na kukuuliza, "Ulikuwa unaangalia wapi?" Ouma aliwahi kumkamata mkono ukiwa ndani ya mfuko na vifuniko viwili. Nyapara hakuona aibu. Alisema, "Sasa wewe umeangalia. Umeshinda." Akampa muthokoi yake yote, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, na muthokoi ya mke wake ilikuwa kitu cha kupigania.

Ndege zenyewe hakuzipenda. Miaka yote ile sikumwona hata mara moja akitazama juu. Anaifuata kwa macho ikikimbia kwenye lami, firimbi iko mdomoni, ikishaacha ardhi anatema firimbi na kuangalia ingine. "Ikishapaa si yangu," alikuwa anasema. Sisi wengine tulikuwa tunasimama na midomo wazi kama watoto. Ouma hasa. Alikuwa na mtoto mdogo nyumbani, Fred, na kila jioni ilikuwa lazima amsimulie ndege ngapi zimepaa na za rangi gani. Nyapara alimgombeza, "Unatazama mkia wa ile imeenda, na pua ya ile inakuja haujaiona." Ouma akamjibu, "Jaduong', pua unaniangalizia wewe." Tukacheka wote. Hata Nyapara alicheka.

Nimeandika hilo la Ouma kucheka kwa sababu ndiye aliyekufa. Mimi ndiye nilibaki, na mguu huu.

Nitasema vile ilivyokuwa, halafu nitawataja wenye makosa. Wote.

Asubuhi ile upepo ulitoka upande wa barabara kuu, na sisi tukafyeka tumeupa mgongo, uso kule ndege zinakotokea, sawasawa. Baada ya chakula mawingu yakajikusanya na mfuko kule juu ukageuka. Nyapara akapuliza firimbi ya kuhama. Tulikuwa tumebakisha kipande kidogo sana. Kuhama na kuanza upya upande wa pili kulimaanisha mvua itukute, na mvua ikitukuta kipande hakitaisha, na kipande kisipoisha unajua.

Hatukuhama. Tulimzunguka. Si kwa ubaya. Tulimlilia. Kuna mama mmoja aliyekuwa na mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo. Kuna mtu wa Machakos aliyekuwa ameshinda njaa tangu jana. Mimi nilisema, "Nyapara, ni laini moja. Laini moja tu." Ouma akasema, "Wewe simama hapo utuangalizie, na firimbi yako. Si ndiyo kazi yako?"

Aliutazama mfuko. Akatutazama sisi. Sijawahi kumwona akitutazama sisi muda mrefu namna ile. Halafu akasema, "Haya. Malizeni."

Tukageuza migongo tukafyeka.

Ndege ilikuwa ndogo, injini moja, nyeupe na mstari wa kijani. Ndani kulikuwa na mwanafunzi peke yake. Mwalimu wake ambaye tulimwita Kapteni alikuwa ameshuka dakika hiyo hiyo, maana ilikuwa mara ya kwanza ya yule kijana kwenda bila mtu kando. Siku hizi najua vitu ambavyo sikujua. Najua kwamba injini ya namna ile ikipewa nguvu inavuta pua kwenda kushoto, na mwanafunzi anatakiwa akanyage kwa mguu wa kulia, pole pole, airudishe. Huyu hakukanyaga. Akaona inaenda kwenye nyasi, akaogopa, akakanyaga sana, halafu akaivuta ipae kabla haijawa tayari kupaa. Ikainuka kidogo, bawa moja likalala, na upepo wa mvua ukaisukuma. Ikaja kwetu.

Nyapara alipuliza. Hilo nalisema na niko tayari kuliapia. Alipuliza mapema, kwa nguvu, na akakimbia akija kwetu huku akipuliza, mzee yule na magoti yake. Lakini sisi tulikuwa tumeipa ndege migongo. Ukisikia firimbi na unaona kitu, unakimbia. Ukisikia firimbi na huoni kitu, kwanza unageuka kuangalia. Sote tuligeuka kuangalia. Hicho ndicho kilichomuua Ouma, kule kugeuka. Angekuwa ameelekea kule, angekuwa ameondoka.

Bawa lilimpata yeye. Gurudumu lilinipata mimi.

Nililala pale kwenye nyasi tulizokuwa tumefyeka nikasikia mlango wa ndege ukifunguliwa. Yule mwanafunzi akatoka anatembea. Mkwaruzo kwenye paji la uso. Akasimama anasema, "Imenivuta. Imenivuta tu." Na Nyapara alikuwa amepiga magoti kwa Ouma anamwita kwa jina la baba yake, na firimbi bado inaning'inia mdomoni, kila akipumua inalia kidogo.

Mvua ilinyesha. Kipande hakikuisha.

Sasa wenye makosa. Bwana Kofia wa kwanza. Nyasi unafyeka siku ndege hazipai, au ndege unazisimamisha saa za kufyeka. Hakutaka kimoja wala kingine. Alitaka vyote kwa siku moja. Na ile sheria yake ya kipande ndiyo iliyotupigisha magoti. Kapteni wa pili. Alimwacha mtoto wa watu ajaribu peke yake na mawingu yale na upepo uliogeuka, na kando ya lami kuna watu amewaona kwa macho yake. Alipoulizwa alisema alidhani tutasogea. Mwanafunzi wa tatu. Huyu nilimchukia kwa nguvu zangu zote, mpaka siku moja mtu wa mtaani akanionyesha picha ya yule kijana kwenye simu, amevaa shati jeupe la rubani, anatabasamu mbele ya ndege kubwa. Nikajaribu kumchukia zaidi nikashindwa. Alikuwa na umri wa kijana wangu.

Na wa nne ni Nyapara. Ndiyo. Ukali wake ulituudhi miaka yote, na hatukufa. Huruma yake tuliipata mara moja.

Nilimwambia hivyo hospitalini. Alikuja, na bakuli la muthokoi limefungwa kwa leso, akaketi kwenye benchi la wadi akiutazama mlango. Sikumsalimia. Alisema, "Kijana, nina swali moja." Nikamwambia, "Toka." Siku nyingine akaja tena, "Swali ni moja tu." Nikamwambia mbele ya wagonjwa wote, "Wewe ndiye ulisema malizeni. Unataka nikujibu nini?" Akainuka. Bakuli aliliacha. Muthokoi nilikula, na hilo pia linaniuma, kwamba nilikula.

Wale watu wa tai walipokuja kuuliza, Bwana Kofia alikuja na wakili. Nyapara alikuja na kofia yake. Wakamuuliza nani aliruhusu watu wafyeke wakiwa wamegeuza migongo. Wenzetu walikuwa wamemwambia aseme ametuzuia tukakataa. Kila mtu alikuwa tayari kukubali hivyo, hata mimi kutoka kitandani ningekubali, ingetuangukia sisi wote na si yeye. Akasema, "Mimi niliruhusu." Basi. Hakuongeza habari ya kipande, hakuongeza mvua wala kilio chetu. Walipomaliza kuandika hayo maneno mawili, Bwana Kofia alikuwa ameshakuwa mtu msafi. Kiwanja kiko mpaka leo. Siku hizi wanafyeka kwa trekta.

Matanga ya Ouma yalikuwa Lindi, nje ya nyumba yake, turubai na viti vya kukodisha. Mimi sikuwepo, nilikuwa kitandani, lakini nimesimuliwa na wengi. Nyapara alisimama nyuma kabisa. Watu walimtambua, minong'ono ikaanza, na vijana wakataka kumtoa. Mama Fred, mjane mwenyewe, akawaambia wamwache. Akampelekea chai kwa mkono wake. Wanasema alikishika kile kikombe mpaka kikapoa, hakunywa, hakukiweka chini. Walipoondoka na jeneza kwenda kumzika kwao Siaya, alisaidia kulibeba mpaka kwenye gari. Baada ya hapo hakukanyaga Kibera tena.

Mimi siku hizi natengeneza viatu na miavuli karibu na lango la mtaa wa Nyayo Highrise. Kazi ya kukaa. Naona viatu vya watu kabla ya nyuso zao. Na nitasema ukweli, ule uchungu ulinisaidia. Mguu ukiuma, nilikuwa na mtu wa kumlaumu ambaye si mbali, na ambaye sitamkuta mahakamani na wakili. Bwana Kofia simfikii. Nyapara nilimfikia kila siku bila kutoka kwenye stuli yangu.

Mwaka huu binti yake alinipigia simu. "Baba anakuuliza."

"Anataka nini?"

"Hasemi. Anasema tu umwambie kama unakuja ama hukuji, asikae akingoja."

Nilikwenda Jumapili. Nilifika Kawangware mchana, nikamkuta nje ya chumba chake, kwenye stuli ya plastiki, mgongo kwenye mabati, uso kwenye njia. Alikuwa amekwisha. Shingo ilikuwa inaogelea ndani ya kola. Binti alisema ni figo, halafu akasema ni uzee, halafu akasema hajui.

"Umefika," akasema.

"Nimefika, Nyapara."

"Mguu?"

"Upo."

Akacheka kidogo, akakohoa. Katikati yetu kulikuwa na katoni ya drafti. Tukacheza. Nilimwachia nafasi ya kuiba, niligeuza macho makusudi nikamwangalia muuza mandazi muda mrefu. Niliporudisha macho vifuniko vyangu vyote vilikuwa mahali pake. Hapo ndipo niliogopa.

"Kijana. Lile swali."

"Uliza."

"Siku ile. Ningekataa. Ningesema hapana, hameni, na matusi juu." Akapumzika apate pumzi. "Mngenitii? Ama mngefyeka tu?"

Pikipiki ikapita, akaifuata kwa macho mpaka ikapotea, halafu akarudi kwangu.

Mimi jibu nalijua. Kila mtu aliyekuwa kwenye lile lori analijua. Tungehama. Tungemtukana, Ouma angeimba wimbo wa kumcheka, tungetembeza slasha mpaka upande wa pili huku tumevimba, na tungenyeshewa, na kipande kisingeisha, na jioni Ouma angemsimulia Fred kuhusu ndege iliyotoka kwenye lami ikaangukia nyasi tupu. Tungehama kwa sababu tulihama siku zote. Hakuna hata siku moja ambayo mtu yule alisema hapana na sisi tukafanya.

Na nilikuwa nimelibeba jibu hilo miaka yote. Nilikuwa nimelinoa vizuri. Nilipotoka Kibera asubuhi ile nilikuwa nakuja nalo.

Nikamtazama ile shingo.

"Tungefyeka," nikasema. "Siku ile tulikuwa tumeshaamua, Nyapara. Hata ungelia. Ouma alikuwa ameshaanza kukata wewe ukiwa bado unautazama mfuko."

"Ouma?"

"Ouma. Na mimi. Hatukuwa tunakuomba, tulikuwa tunakuambia."

Sijui kama aliamini. Alikuwa mtu aliyeweza kukuibia vifuniko mchana kweupe, kwa hivyo uongo aliujua akiuona. Alikaa akinitazama hivyo, kama alivyotutazama pale kwenye nyasi, halafu akashika ukingo wa stuli akajaribu kuinuka.

"Nisaidie kugeuza hii."

"Kugeuza nini?"

"Stuli. Jua linaniumiza macho."

Jua halikuwa upande ule. Lakini nilimshika kwapa, alikuwa mwepesi kama mwavuli, nikageuza stuli kwa mguu wangu mzima, nikamkalisha. Sasa uso ulikuwa kwenye mabati, na njia yote ya Kawangware ilikuwa nyuma yake: mikokoteni, pikipiki, watoto na mpira wao wa karatasi. Tangu nimjue sikuwahi kumwona amekaa hivyo. Akashusha mabega.

"Wewe uangalie," akasema.

"Naangalia."

Akafumba macho. Binti yake alitoka na chai mbili, akamwona babake amekaa vile, akataka kusema neno, nikamtikisia kichwa. Sikuipokea chai. Mikono ilikuwa mitupu lakini niliogopa kugeuka. Nilikaa nikiitazama njia ile mpaka taa za vibanda zikawashwa, kila kilichokuja nilikiona kikija, na hakuna hata kimoja kilichomgusa.